Barua ya wazi kwa wakuu wa elimu Mombasa kuhusu viranja, wageni wa Gredi ya 10 na muda unaotuponyoka

Kwa Mkurugenzi wa Elimu wa Kaunti ya Mombasa, Mkurugenzi wa Tume ya Huduma za Walimu katika kaunti, Bodi ya Elimu ya Kaunti, pamoja na walimu wakuu na bodi za usimamizi za shule zetu za sekondari, kuanzia Likoni hadi Kisauni.

Waheshimiwa,

Assalamu alaykum, na kwa wenye salamu nyingine, nawasalimu kwa heshima zote. Mimi ni mwalimu mstaafu. Nilifundisha Kiswahili na Historia katika shule za kutwa hapa Mombasa, na miaka yangu tisa ya mwisho kazini niliitumikia idara ya ushauri nasaha, idara ambayo katika shule nyingi ni mwalimu mmoja, meza moja na kabati lisilofungika, tena mwalimu mwenyewe ana vipindi vyake vyote kama wenzake.

Mjukuu wangu aliingia Gredi ya 10, yaani mwaka wa kwanza wa sekondari ya juu katika mtaala mpya, Januari mwaka huu wa 2026, katika shule ambayo sitaitaja kwa kuwa ninayoyalalamikia hayako huko peke yake. Wiki ya tatu alirudi nyumbani jina lake likiwa limeandikwa mara mbili katika orodha ya wapiga kelele. Nilipomuuliza kama amekwisha kuzoeana na wanafunzi wa vidato vya juu, alinijibu huku akivua viatu: “Babu, majina yetu wanayajua, maana ndiyo wanayoyaandika.” Nimekaa na neno hilo wiki kadhaa, na ndilo lililonishikisha kalamu.

Ombi langu ni moja, ingawa lina matawi. Naomba kila mwanafunzi wa Gredi ya 10 katika shule za umma za Mombasa awe na mwanafunzi mkubwa anayemjua kwa jambo jingine zaidi ya kosa, na mkubwa huyo awe amefunzwa kazi hiyo, amepewa muda wa kuifanya ndani ya ratiba ya shule, na anahesabiwa kuwa kiongozi sawasawa na kiranja aliyevalishwa beji. Naomba pia mpango huo uwe umeshika mizizi kabla ya Novemba 2027, na tarehe hiyo sikuitaja kwa kupenda haraka.

Hesabu yenyewe mnaijua kuliko mimi. KCPE, mtihani wa kumaliza shule ya msingi katika mfumo wa zamani, ilifanywa kwa mara ya mwisho mwaka 2023. Walioufanya mtihani huo wakaingia kidato cha kwanza 2024, na mwaka uliofuata hakuna aliyeingia nyuma yao, kwa sababu wadogo zao wa mtaala mpya walikuwa wangali Gredi ya 9 katika majengo ya shule za msingi. Leo sekondari zetu zina kidato cha nne, kidato cha tatu na Gredi ya 10, na hapo katikati pana pengo la mwaka mzima ambalo mtu halioni mpaka apite kwenye ukumbi wa madarasa na kukitafuta kidato cha pili. Kidato cha tatu wamekuwa wadogo wa shule kwa miaka miwili mfululizo. Hawakuwahi kumpokea mgeni, wala kumwonyesha mtu bomba lipi lina maji na lipi ni la mapambo. Nao Gredi ya 10 ndio waliotangulia katika mtaala wao tangu mwanzo, na baada ya darasa la nane la mwisho kuondoka walikaa miaka miwili wakiwa wao ndio wakubwa wa shule. Tumewakutanisha wasiowahi kuwa na wadogo na waliosahau kuwa na wakubwa, kisha tukatumaini watajuana wenyewe.

Kidato cha nne cha mwisho kitafanya KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari, mwaka 2027. Wakishatoka hao, shule itabaki na watoto wa mtaala mmoja tu, na yale ambayo shule zetu zilikuwa zikirithishana bila kuandikwa popote yatakuwa yametoka langoni pamoja na waliokuwa wakiyajua. Simaanishi nyimbo za shule wala majina ya utani ya walimu, ingawa hayo nayo yana raha yake. Namaanisha mambo kama vile mwalimu gani wa hisabati hukubali kueleza upya saa ya chakula, utamwendea nani ukipata hedhi darasani, na jinsi ya kumweleza mwalimu mkuu kwamba pesa za shule hazijapatikana bila kububujikwa na machozi mbele ya karani. Najua kidato cha nne hawawezi kumshauri mtoto wa Gredi ya 10 kuhusu njia tatu za masomo alizowekewa, za sayansi na teknolojia, za sayansi ya jamii, na za sanaa na michezo, kwa kuwa wao hawakuzipitia. Hilo ni la walimu. Lakini namna ya kuwa mwanafunzi katika mji huu haikubadilika na mtaala.

Niruhusuni nieleze kisa kimoja. Nilipokuwa katika idara ya ushauri, palikuwa na mtoto wa kidato cha kwanza aliyetoka Mtongwe, na katika muhula wake wa kwanza jina lake liliandikwa langoni mara kumi na moja kwa kuchelewa. Najua idadi hiyo kwa sababu daftari la langoni la mwaka ule ninalo mpaka leo, lile la jalada gumu, ambalo kiranja aliweka alama ya msalaba kila anapochelewa mtu aliyekwisha andikwa. Alifyeka nyasi, aliokota taka, alipiga magoti juani. Viranja walifanya kazi yao barabara. Hapana aliyeweza kuwalaumu. Hakuna aliyemuuliza kwa nini, nami nikiwa mmoja wao, maana mimi daftari nililitia sahihi kila Ijumaa.

Aliyekuja ofisini kwangu kusema alikuwa mvulana wa kidato cha tatu ambaye hakuwa na cheo chochote, na ambaye kwa alama zake asingekipata. Alisimama mlangoni akaniambia kuwa yule mdogo si mvivu: mama yake hukaanga mahamri alfajiri, naye humbebea beseni mpaka kibandani kabla ya kukimbilia feri, na akishaikosa ile ya kwanza anayoilenga, inayofuata huwa imefurika watu wa bandarini na wa viwandani, na mtoto mwenye begi husukumwa nyuma mpaka lango lifungwe. Wale wawili walikuwa wamekwisha kupatana bila ya mimi kujua lolote. Mkubwa alikwenda kwa yule mama, akamwomba, kwa adabu zote kama nilivyokuja kusikia, beseni lipelekwe na dada mdogo kwa kuwa shule yake iko karibu. Na kila asubuhi alimsubiri mwenzake pale penye mteremko wa kuingilia feri. Kurasa za muhula wa pili hazina jina la yule mtoto hata mahali pamoja.

Nilipopendekeza mvulana yule wa kidato cha tatu awe kiranja, kikao cha walimu kilimkataa kwa sababu wastani wake ulikuwa C. Sikubishana vya kutosha, na hilo nalijutia.

Hapa ndipo penye shina la jambo, na naomba mnisikilize bila kukasirika. Shule zetu zinamtambua kiongozi kwa alama zake, kwa unadhifu wake, na kwa ukali wa sauti yake mstarini. Tangu 2009, wizara ilipounga mkono kuundwa kwa Baraza la Wanafunzi wa Shule za Sekondari nchini, kauli imekuwa kwamba viongozi wachaguliwe na wanafunzi wenzao badala ya kuteuliwa na walimu. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013, kifungu cha 56, ikaenda mbele zaidi na kumpa mwakilishi wa baraza la wanafunzi nafasi katika bodi ya usimamizi ya shule. Yote hayo tumeyatekeleza kwa namna yetu. Tunaweka masanduku ya kura, watoto wanapanga foleni, wanapaka wino, kisha jioni kikao cha walimu kinakaa na kuchuja. Nimekaa katika vikao hivyo na mkono wangu ulikuwa miongoni mwa iliyoinuliwa. Huyu anadaiwa karo, aondolewe. Huyu babake ana maneno mengi, aondolewe. Huyu alipata kura nyingi kwa sababu ni mchekeshaji, apewe michezo. Asubuhi yake yanasomwa majina ambayo watoto hawakuyapigia kura, na wanajua, kwa kuwa wao wenyewe walihesabu vichwa.

Katika shule kadhaa mgombea hulazimika kufanya kampeni kwa Kiingereza kitupu. Katiba, kifungu cha 7, imekifanya Kiswahili lugha ya taifa na pia lugha rasmi, na hapa ni Mombasa. Mtoto anayeweza kuwatuliza wenzake arobaini kwa Kiswahili safi anaangushwa na mwenye kukariri ukurasa mmoja asiouelewa. Na katika shule za mchanganyiko, rais wa wanafunzi huwa mvulana na naibu huwa msichana kana kwamba jambo hilo limeandikwa mahali. Nayapitia haya haraka kwa sababu yanatibika kwa waraka mmoja kutoka ofisi yako, Mheshimiwa Mkurugenzi: matokeo ya kura yabandikwe ukutani siku ileile, na atakayeenguliwa aelezwe sababu kwa maandishi.

Kinachonitia hofu zaidi ni kazi tunayompa kiranja baada ya kuchaguliwa. Tunampa kalamu ya kuandika majina, tunampa nafasi ya kula kwanza, na tunamvalisha tai, katika joto la Machi, ili atofautiane. Penye mabweni tunampa na chumba chake. Kisha tunamwambia awapende wenzake. Nchi hii inakumbuka Mei 1999, wakati viranja wanne wa Shule ya Upili ya Nyeri walipofungiwa katika chumba chao cha kulala wakachomwa moto na wanafunzi wenzao. Sisemi kwamba beji ndiyo iliyowasha kiberiti, wala sitaki kuwatisha kwa msiba wa watu. Nasema kwamba mtoto wa miaka kumi na saba akiwekwa awe macho na fimbo ya walimu mbele ya wenzake, tumemweka mahali pa hatari na tumewanyima wadogo mtu wa kumwendea.

Kulea kwa rika si jambo tulilolipokea jana kutoka kwa wageni. Aliyesoma chuo cha Kurani Mji wa Kale anakumbuka kuwa mwalimu hakumsikiliza kila mtoto mwenyewe. Mkubwa aliyefika juzuu za mbele alikaa na mdogo wa alifu, be, te, kidole juu ya herufi, mpaka itamkwe sawa, na wakati huohuo mkubwa mwenyewe alikuwa akisahihisha makosa yake bila kujua. Msichana wa Pwani naye alikuwa na somo yake, yaani mwanamke wa kumfunda, ambaye hakuwa mama wala shangazi, na kwa sababu hiyo hasa aliambiwa yale ambayo mama hakuambiwa.

Kwa hiyo nazungumzia utaratibu, na utaratibu unahitaji saa. Wengi wa wanafunzi wa Mombasa ni wa kutwa, na mtu akipanga kwamba wanafunzi walezi, yaani wakubwa hao, na wadogo wao wakutane baada ya masomo, atakuwa amepanga kwamba wasikutane. Wa Likoni anawahi feri, wa Jomvu anawahi matatu kabla nauli haijapanda jioni, na wengi wanangojewa madrasa. Ijumaa mchana haifai kwa sababu ya swala. Muda huo utoke ndani ya ratiba, dakika arobaini kila wiki mbili, na usikopwe kwa kipindi cha kufidia silabasi, kwa sababu sote tunajua jinsi kipindi cha ushauri kinavyogeuka cha kemia ifikapo muhula wa pili. Wakutane watano watano, mlezi mmoja kwa wadogo wanne, chini ya mwembe au kwenye veranda, mahali ambapo mwalimu akipita anawaona.

Hilo la kuonekana nalisisitiza. Mwanafunzi mlezi si mnasihi na wala si mpelelezi. Mdogo akimweleza kwamba anapigwa nyumbani, au kwamba kuna mtu mzima anayemgusa, au kwamba amechoka kuishi, mlezi lazima awe amefunzwa sentensi moja ya kumwambia: jambo hili ni zito kwangu, twende kwa mwalimu fulani sasa hivi. Afunzwe pia kwamba nambari ya simu ya kuwasaidia watoto nchini ni 116 na haitozwi. Asiahidi kuficha siri ya aina hiyo hata akibembelezwa. Asiwe na mamlaka ya kumwadhibu yeyote, na asiruhusiwe kutuma mdogo dukani, kumfulisha soksi wala kumpokonya mkate, maana wale tuliokuwa tukiitwa “mono”, yaani wageni wa kidato cha kwanza, tunajua ukubwa wa shule unaweza kugeuka kuwa nini. Mafunzo haya hayahitaji hoteli ya Nyali wala fulana zenye maandishi. Yanahitaji siku mbili kabla ya muhula kufunguliwa, walimu wawili wenye subira, na mtu wa afya ya akili atakayekubali kuja.

Mtaniuliza, na mna haki, mtoto wa kidato cha nne aliye na KCSE mbele yake ataupata wapi moyo wa kukaa na wadogo. Jibu langu ni kwamba msianze na kidato cha nne. Anzeni na kidato cha tatu, ambao ndio wa mwisho wa mfumo wa zamani wa 8-4-4 na wana mwaka mzima mbele yao, halafu wawarithishe Gredi ya 10 wenyewe watakapokuwa Gredi ya 11 mwakani, wakati wageni wapya watakapoingia. Kwa hao wa mtaala mpya mlango uko wazi tayari: huduma kwa jamii ni somo la lazima kwa kila mwanafunzi wa sekondari ya juu. Mwanafunzi wa Gredi ya 11 aliyemlea mwenzake kwa mwaka mzima, akaandika alichokiona na alichokishindwa, amefanya huduma kwa jamii iliyo kweli kuliko kufagia soko la Kongowea asubuhi moja na kupigwa picha na ufagio. Naomba walimu wa somo hilo waelekezwe waikubali kazi hiyo na kuipa alama. Kidato cha tatu hawana somo hilo, basi wapeni barua iliyotiwa sahihi na mwalimu mkuu, inayoeleza walichokifanya kwa maneno ya kweli; barua ya namna hiyo ina kazi yake mtoto anapoomba nafasi ya chuo au kibarua.

Na yule mwakilishi wa wanafunzi katika bodi, mwiteni. Asiitwe siku ya kukaribisha wageni akabeba maua, aitwe siku ya kujadili chakula, vyoo na saa za kufungua lango. Kenya iliridhia Mkataba wa Haki za Mtoto mwaka 1990, na kifungu chake cha 12 kinasema mtoto asikilizwe katika mambo yanayomhusu. Najua wajumbe wengine wa bodi huona aibu kuzungumzia hesabu za shule mbele ya mtoto. Aibu hiyo huenda ikatufaa.

Naandika haya nikijua uzito wa kazi zenu, walimu wasiotosha, madarasa yaliyofurika, mafungu ya fedha yanayochelewa. Siombi jengo wala gari. Naomba shule tatu au nne zianze muhula ujao, ikiwezekana moja ng’ambo ya Likoni, moja kisiwani na moja Changamwe au Kisauni, na baada ya mwaka tuyafungue madaftari ya langoni tuone majina yamepungua wapi na kwa nani. Niko tayari kujitolea kwa siku mbili zile za mafunzo katika shule yoyote itakayoniita, na daftari langu nitakuja nalo.

Nabaki wenu kwa heshima,

Mwalimu mstaafu na babu wa mwanafunzi wa Gredi ya 10,
Likoni, Mombasa